Mafundi wa Sala wa Kathiani

Susu yangu hakuianza sala yake kwa maneno. Aliianza kwa kukaa. Saa kumi na nusu alfajiri ungesikia kitanda kikilia, kisha nyayo zake sakafuni, kisha gunia la katani likitandikwa chini, kisha kimya. Kimya hicho kilikuwa kirefu. Utotoni nilidhani amepitiwa na usingizi tena. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nikatambua kwamba hiyo ndiyo sehemu ngumu ya kazi, na kwamba wengi wetu tunairuka na kuyakimbilia maneno.

Sisi Wakamba nyanya tunamwita susu. Nyumba ya susu ilikuwa Kathiani, kaunti ya Machakos, upande ambao vilima vya Iveti huonekana vyote asubuhi ukungu ukishainuka. Ni nchi ya matuta. Tuta la fanya juu huchimbwa kwa kufuata ubavu wa kilima, na udongo unaotoka mtaroni hutupwa upande wa juu, ndiyo asili ya jina lake. Ukimaliza kuchimba, mteremko uko palepale, nawe umechoka. Kazi inayobaki ni ya mvua na ya jembe: kila msimu udongo kidogo huteremka, hukwama nyuma ya tuta, na baada ya miaka kadhaa ubavu uliokuwa ukiteleza umekuwa ngazi pana za kupandia mahindi na mbaazi. Mvua ileile iliyokuwa ikiuchukua udongo ndiyo imeusawazisha. Susu alilima hivyo, alisuka vyondo, na aliomba. Sikuwahi kumwona akibadilisha mwendo kati ya kazi hizo tatu.

Ninataka kuiandika hiyo ya tatu. Nimesikia sala ikihubiriwa kama wajibu, kama silaha, kama haki ya muumini. Ni mara chache nimesikia mtu akiisifu kama ufundi, yaani kazi ambayo mtu huianza vibaya, akarekebishwa, akarudia, akaijua kwa kukaa karibu na anayeijua. Kathiani nimewaona mafundi wake, na wengi wao ni wanawake wazee ambao hakuna aliyewahi kuwaita mafundi.

Nilirudi kwa susu mwaka 2009, ule wa ukame mkali. Ndugu yangu mkubwa alikuwa amefariki katika ajali ya barabarani, na miezi michache baadaye nikapoteza kazi Nairobi. Imani yangu haikuondolewa na hoja; hakuna kitabu kilichonishinda. Ililegea tu, kama kamba iliyochakaa. Usiku moyo ulikwenda mbio bila sababu. Niliamua jambo asubuhi, jioni nikalitengua. Kanisani nilisimama na kuketi pamoja na wenzangu, lakini mtu aliposema “tuombe”, nilifumba macho nikawa nahesabu mpaka waseme amina. Mhubiri mmoja niliyemwendea aliniambia kwamba shaka ni dhambi, na kwamba ningekuwa na imani kamili hali ile ingekwisha siku hiyohiyo. Nilifika kwake na mzigo mmoja, nikaondoka na miwili.

Susu hakuniuliza kama bado ninaamini. Aliniuliza kama nimekula, akanipakulia muthokoi. Siku ya pili akanipa majani ya mkonge nimparulie.

Naomba msomaji anivumilie nieleze kazi hiyo, kwa sababu ni kwayo nilijifunza. Jani la mkonge hupasuliwa vipande vyembamba, kisha huparuliwa kwa nguvu mpaka ile nyama ya kijani iishe na nyuzi nyeupe zibaki. Majimaji yake huwasha mikono. Nyuzi huoshwa na kuanikwa. Ndipo unapokuja usokotaji, na hapo ndipo fundi anapoonekana. Msukaji hukaa chini, huweka mafungu mawili membamba ya nyuzi juu ya paja, na kwa kiganja huyasukuma mbele, kisha huyarudisha nyuma. Mwendo wa mbele hukaza kila fungu peke yake. Mwendo wa kurudi huyafunga pamoja yakawa uzi mmoja. Na kuna siri moja ambayo mikono yangu ilichukua wiki nzima kuielewa: nyuzi mpya huongezwa wakati zile za kwanza hazijaisha. Ukingoja zifike mwisho, hakuna cha kuungia. Mtu anayejua hafiki kamwe mwisho wa uzi. Kila mara ameshauongeza kabla ya pale, na ukiutazama uzi wake huoni ulipoungwa.

Susu aliomba vivyo hivyo. Ile sala ya alfajiri ilikuwa ndefu, lakini haikuwa peke yake. Aliongeza kidogo akienda mtoni, kidogo akipepeta maharagwe, sentensi moja akiinua sufuria. Nilikuwa nimezoea kumwomba Mungu pale nguvu zangu zilipokatika kabisa, na kila mara nikakuta sina pa kuungia. Yeye alikuwa ameunga saa mbili kabla, pasipo haja yoyote, akishukuru kwa kivuli cha mwembe.

Wiki za kwanza nililala chumba cha pili, ukuta mmoja tu kati yetu, nikamsikiliza kama mwanafunzi anayesikiliza ala ya muziki. Baada ya kimya alimtaja Mungu. Hakuharakisha. Alisema Ngai, akatulia. Akasema Mumbi, Muumbaji, akatulia tena. Majina hayo yalikuwa midomoni mwa Wakamba kabla mmisionari yeyote hajafika. John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, na aliyekuja kuwa kasisi wa Kianglikana na mmoja wa wanateolojia wakubwa wa Afrika, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuonyesha jambo hilo: babu zetu walikwenda kwenye mathembo, mahali pa ibada chini ya miti mikubwa, wakamwomba Mungu mvua na uzima. Mwaka 1975 alichapisha kitabu kizima cha sala za Waafrika. Susu hakukisoma. Yeye alisoma Biblia ya Kikamba, ile nzima iliyotoka mwaka 1956 akiwa msichana. Mama yake alikuwa na Agano Jipya tu, lililochapishwa mwaka 1920. Majina ya zamani na Habari Njema vilikaa kinywani mwake bila ugomvi.

Baada ya majina zilikuja shukrani, na zilikuwa ndogo kiasi cha kushangaza. Hakushukuru kwa mambo yote. Alishukuru kwa maziwa ya jana. Alishukuru kwa kifundo cha mguu kilichoacha kuvimba. Aliyataja kama mtu anayehesabu mbegu kabla ya kupanda, na niligundua kwamba mtu akifanya hivyo, moyo wake hauna budi kusimama mahali pamoja. Wasiwasi hupenda mambo makubwa yasiyo na mipaka: maisha yangu, mustakabali wangu, dunia hii. Maziwa ya jana yana mipaka. Yana kikombe.

Kisha usiku mmoja nikasikia nisichokitarajia. Mvua ilikuwa imekawia, mbuzi wawili walikuwa wamekufa wiki hiyo, na susu, baada ya kushukuru, alisema kwa sauti ya kawaida, ile aliyoitumia kuzungumza na jirani juu ya mpaka wa shamba: “Umemchukua mjukuu wangu. Sijaelewa. Nilikuuliza jana, nakuuliza leo, na kesho nitakuuliza.” Akanyamaza muda mrefu. Halafu akaendelea na kumwombea mama mmoja wa kijijini aliyekuwa amelazwa.

Sikulala tena. Miaka yote nilidhani nimezaliwa kando ya mwamba. Asubuhi, tukiwa tumekaa uani na katani yetu, nikamwambia, “Susu, kumbe nawe una shaka?”

Hakuinua macho. “Ninayo, mjukuu wangu. Ningeipeleka wapi kwingine?”

Nimeyafikiria maneno hayo kwa miaka mingi, na kadiri ninavyoisoma Biblia ndivyo ninavyoona kwamba alikuwa ameielewa vizuri kuliko yule mhubiri wangu. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumwuliza Mungu mara nne mfululizo: hadi lini? Ya 88 inaishia gizani, bila mstari wa faraja mwishoni. Katika Injili ya Marko sura ya 9 yuko baba wa mtoto mgonjwa ambaye, katika pumzi moja, anakiri imani yake na kuomba asaidiwe katika kutokuamini kwake. Na mtoto wake akaponywa. Yohana Mbatizaji mwenyewe, akiwa gerezani, alituma watu wakamwulize Yesu kama kweli ndiye. Watu hawa wote walikuwa na shaka, na wote waliifikisha kwa mhusika mwenyewe. Nilivyofundishwa mimi, mtu alipaswa kuimaliza shaka kwanza, ndipo aje mbele za Mungu akiwa msafi. Susu alikuja nayo mkononi.

Hapo, kwa maoni yangu, ndipo msaada wa sala ulipo kwa mtu anayeyumba. Shaka iliyobaki kichwani huzunguka. Inajiuliza na kujijibu yenyewe, na kila mzunguko huikaza zaidi. Shaka iliyosemwa kwa Mungu imegeuka kuwa neno la mtu kwa mwingine. Bado haijajibiwa, lakini aliyeisema hayuko peke yake nayo tena. Nao urudiaji wenyewe, jana, leo na kesho, una nguvu yake. Susu hakuwa akimchosha Mungu. Alikuwa akirudi mahali palepale, kama kiganja kinavyorudi pajani.

Kuna simulizi la zamani lililohifadhiwa na watawa wa jangwa la Misri, ambalo nililikuta miaka baadaye na likanifanya nicheke kwa furaha. Linamhusu Antoni, yule mtawa aliyefariki mwaka 356. Anasimuliwa kuwa siku moja jangwani alishikwa na uchovu wa roho na wingi wa mawazo, akamlilia Mungu kwamba anataka kuokoka lakini mawazo hayamwachi. Alipotoka nje akaona mtu anayefanana naye, ameketi anasuka kamba. Mtu huyo akaacha kusuka, akasimama akaomba. Akaketi tena akasuka, akainuka tena akaomba. Alikuwa malaika, na somo lilikuwa hilohilo la kuonyeshwa: fanya hivi. Antoni hakupewa maelezo ya asili ya shaka. Alionyeshwa kamba. Natamani ningemsomea susu kisa hicho. Nadhani angeuliza ilikuwa kamba ya nini, na angeambiwa ya makuti ya mtende, naye angesema mkonge ni mgumu zaidi.

Hata kanisa lenyewe, kwa sehemu, lilifika Ukambani kwa njia inayofanana na hiyo. Peter Cameron Scott, mwanzilishi wa Africa Inland Mission, alikuwa amekwisha kwenda Kongo, akamzika huko ndugu yake John kwa mikono yake mwenyewe, akarudi London akiwa mgonjwa na amevunjika moyo. Wanaolisimulia tukio hilo husema aliingia Westminster Abbey, akapiga magoti penye kaburi la David Livingstone, na hapo ndipo alipoinuka na nia mpya. Mwaka 1895 alifika Afrika Mashariki na wenzake, wakajenga kituo cha kwanza Nzaui, ambako leo ni kaunti ya Makueni. Desemba 1896 Scott alifariki. Mwishoni mwa karne hiyo ikaja njaa kuu ambayo Wakamba waliiita Ngomanisye. Mtu anayesoma miaka hiyo bila kujua kilichofuata angesema kazi ile imekwisha. Ninamfikiria Scott pale sakafuni London, kaka amezikwa Kongo, na ninamwona ni ndugu yangu zaidi kuliko ninavyomwona katika picha za ushujaa.

Ufundi una ubora na una ubovu, na sitajifanya kwamba kila sala ni sawa. Nimesikia sala zinazohutubia watu huku zikijifanya zinamwendea Mungu. Nimesikia zile zinazomwahidi mgonjwa kwa niaba ya Mungu tarehe ya kupona, na nimeona familia ikibaki na vipande vya ahadi hiyo baada ya mazishi. Hiyo ni kazi mbovu, na humwacha mwenye shaka katika hali mbaya kuliko ya kwanza. Kazi nzuri utaitambua kwa ukweli wake: haisemi zaidi ya anachojua mwombaji, na inataja watu na vitu kwa majina yao.

Na kazi nzuri inajua mipaka ya mikono yake. Moyo wangu ulipoendelea kwenda mbio usiku, susu ndiye aliyenipeleka hospitali ya Kathiani. Tulikaa kwenye foleni tangu asubuhi, yeye na kiondo chake, akisuka na midomo ikitembea. Hakuona kwamba dawa inamtukana Mungu. Anayesumbuliwa na mawazo ya kujidhuru, au asiyelala kwa wiki nyingi, ana haki ya kuombewa na ana haki ya kumwona daktari, tena upesi. Kuhusu mwili nimesoma pia kwamba mwaka 2001 watafiti wa Italia walichapisha uchunguzi wa watu wazima 23 waliokuwa wakisali rozari kwa Kilatini: pumzi yao ilishuka hadi kama mara sita kwa dakika, na moyo ukaitikia vizuri. Hilo halithibitishi kwamba kuna anayesikiliza upande wa pili. Lakini lilinieleza kwa nini susu alitulia baada ya kila jina.

Jumatano mchana wanawake wa kanisa lake walikusanyika kuomba, na siku moja alinichukua. Nilikaa benchi la nyuma. Waliimba kutoka Tenzi za Rohoni, kisha sala ikapita kwenye mabenchi, kila mtu sentensi yake, kama ndoo zinavyopokezanwa kisimani. Ilifika kwa mama mmoja kijana, mgeni. Alianza, akakwama. Hakuna aliyemkatiza wala kumsaidia neno. Wazee wakaanza kuguna polepole, ile sauti ya kuitikia inayotoka kifuani, mpaka mguno ukamzunguka kama mikono, naye akapata sentensi yake: aliomba mume wake arudi nyumbani. Basi. Wakasema amina kwa uzito uleule walioutumia kwa mchungaji. Hapo niliona jinsi ufundi huu unavyorithishwa. Hakuna anayefundisha. Anayejua humshikilia asiyejua mpaka sauti yake itoke.

Zamu ilipofika kwangu, walinipita bila kunitazama. Walifanya hivyo majuma matano. La sita nilisema, “Mungu, niko hapa,” na sikuwa na la kuongeza. Wakaguna. Amina.

Sikuamka kesho yake nikiwa mtu mpya. Usingizi ulirudi taratibu, kazi nikaipata mwaka uliofuata, na swali la kaka yangu bado nalipeleka palepale alipolipeleka susu. Bado nayumba. Tofauti ni kwamba sasa nikiyumba najua njia ya kurudi, kwa sababu nimeipita mara nyingi na miguu inaikumbuka hata kichwa kikisahau. Susu alifariki mwaka 2016, katika usingizi, msimu wa masika.

Wenzake bado wapo, Kathiani, Mitaboni, Kaani, na katika vijiji ambavyo wewe unavijua kuliko mimi. Wanazeeka, na hakuna anayeandika wanavyofanya. Kama una bibi wa namna hiyo, nenda ukalale kwake wiki moja. Usimwulize maswali ya imani siku ya kwanza. Chukua kazi yoyote atakayokupa, na saa kumi na nusu alfajiri uwe macho, unyamaze, umsikilize anavyoanza.